Uzi: Tunavyojihalalishia mambo, na kwa nini mtu mwema ndiye anayejitetea zaidi

Mpima Nafaka (mleta uzi)

Wanajamvi, salaam.

Kuna jambo naliona kila siku hapa Dodoma na nimeona nililete tulijadili kwa kina. Mtu anajua kabisa kuwa jambo fulani si halali, analifanya, na kabla jua halijazama ana sababu tatu za kuonyesha kwamba ni halali. Sababu hizo hakukutungia wewe unayemhoji. Kajitungia mwenyewe, na anaziamini. Tumezoea kumwita mnafiki na kumaliza hapo. Lakini mnafiki anaujua ukweli na anauficha. Huyu ninayemsema hauoni tena, ndiyo maana kumfokea hakusaidii.

Mimi nauza nafaka, kwa hiyo nianze na ninachokiona kwa macho yangu. Rejareja, mtama na maharage vinapimwa kwa kopo. Yapo makopo ambayo kitako chake kimegongwa kwa nyundo mpaka bati limeingia ndani kiasi cha vidole viwili. Mteja haoni, maana kopo linakaa juu ya nafaka muda wote. Muuzaji anachota, anajaza mpaka punje zinamwagika pembeni, anamimina kwenye mfuko wa mteja. Halafu anachota kiganja kimoja na kuongezea: "Na hii nyongeza yako, mama." Mama anashukuru na kuondoka. Hebu kiangalieni hicho kiganja, wakuu. Hakirudishi hata nusu ya kilichomezwa na kitako, lakini kinafanya kazi kubwa sana kwa mwenye kopo. Jioni anakumbuka nyongeza alizogawa, hakumbuki nyundo. Akikwambia yeye ni mkarimu kwa wateja wake, anasema kutoka moyoni.

Ukimbana, majibu yako tayari. Sokoni wote tunatumia haya haya, utafanyaje? Punje mbili tatu zitamfilisi nani? Wateja wenyewe wanalalia bei mpaka unauza kwa hasara, wamejitakia. Hao wanaokuja kutukagua nao wana yao. Mimi nina watoto wanasoma. Mwaka 1957 wanasosiolojia wawili wa Marekani, Gresham Sykes na David Matza, waliandika kuhusu vijana wavunja sheria na wakaona utetezi wao unaangukia mafungu matano: sikuwa na hiari, hakuna aliyeumia, aliyeumia alistahili, wanaonihukumu nao ni wachafu, nilifanya kwa ajili ya watu wangu. Karibu miaka 70 imepita, bara ni jingine, na mafungu yote matano unayasikia soko la Majengo hapa Dodoma kabla ya saa nne asubuhi.

Mwaka huo huo wa 1957 mwanasaikolojia Leon Festinger, naye wa Marekani, alichapisha nadharia inayoeleza kwa nini hali iko hivyo. Alisema akili haivumilii kubeba mambo mawili yanayogongana, na mgongano huo unaleta usumbufu ambao yeye aliufananisha na njaa: mtu hatulii mpaka autulize. "Mimi ni mtu mwema" na "nimempunja yule mama" haviwezi kukaa chumba kimoja. Njia ya kwanza ya kutoka ni kuacha kupunja. Hiyo ni ngumu, maana kopo ndilo linalolisha nyumba, na uliowapunja jana umeshawapunja. Njia ya pili ni kubadili mawazo kuhusu tendo lenyewe, liwe si kupunja bali biashara. Ya tatu ni kuongeza mawazo mapya upande wa utetezi, kama kile kiganja. Njia mbili hizi hazina gharama, kwa hiyo wengi wetu tunapitia huko.

Sasa angalieni mantiki yake. Mtu asiyejali kuwa mwema hana mgongano wowote. Anapunja na kwenda zake. Anayehangaika kujitetea ni yule anayejiona mwadilifu, mwenye jina kanisani au msikitini. Kadiri anavyojiheshimu ndivyo anavyohitaji sababu nzito zaidi. Mimi naona hapa ndipo tunapoharibu tunapotaka kumrekebisha mtu, nitafika huko.

Kuna jaribio la mwaka 1959 ambalo kila mwenye nafasi ya kutoa maamuzi anapaswa kulijua. Festinger na mwenzake James Carlsmith, pale Stanford, waliwapa wanafunzi kazi ya kuchosha kabisa kwa saa nzima: kupanga na kupangua vitu kwenye trei kwa mkono mmoja, kisha kuzungusha vigingi robo mzunguko, kimoja baada ya kingine, mpaka basi. Baadaye wakawaomba wamwambie mtu anayefuata kwamba kazi ni tamu. Baadhi walilipwa dola 1 kwa uongo huo, wengine dola 20, ambazo kwa wakati ule ni pesa ya maana. Mwishoni wote wakaulizwa: kazi ile uliionaje hasa? Waliolipwa dola 20 walisema ilichosha. Waliolipwa dola 1 ndio walioipa alama nzuri.

Wa dola 20 ana jibu akijiuliza kwa nini amedanganya: nimelipwa. Wa dola 1 hana jibu. Dola moja haitoshi kuuza ukweli, na yeye si mwongo, basi lazima kazi ilikuwa nzuri kweli. Hicho ndicho kinachonitisha. Tunaogopa rushwa ya mamilioni, na tuna haki. Lakini anayepokea mamilioni anajua amepokea rushwa. Anayepokea soda na nauli ili faili lisogee haraka, huyo anaweza kumaliza utumishi wake wote akiamini ni shukrani za wananchi.

Na jambo hili si la watu wadogo tu. Wa Kongwa mnajua historia ya kwenu. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Uingereza ilikuwa na uhaba wa mafuta ya kula, na mwaka 1947 serikali yake ikaanza mradi mkubwa wa karanga hapa Tanganyika, Kongwa ikiwa ya kwanza. Mpango ulikuwa zaidi ya ekari milioni 3, kwa pauni milioni 25. Mwaka wa kwanza walitaka kufyeka ekari 150,000, wakaishia kupanda kama 7,500. Matrekta mengi yalikuwa chakavu ya jeshi, na yalikufa kwenye visiki na mibuyu. Udongo wa Kongwa mvua ikikatika unakuwa kama tofali, karanga utazing'oaje? Mvua yenyewe mnaijua. Dalili zilionekana mwaka ule ule wa kwanza, lakini mradi ulitetewa bungeni London mwaka hadi mwaka, mpaka Januari 1951 ulipoachwa, zaidi ya pauni milioni 36 zikiwa zimezama. Sisemi wale walikuwa wajinga. Walikuwa wasomi, na walikuwa wameshatoa ahadi hadharani kwa taifa lenye uhaba. Kila pauni iliyotumika ilifanya neno "tulikosea" liwe zito zaidi kutamka kuliko mwezi uliopita.

Leteni mifano yenu. Na anayeona nimepotoka aseme.

Boda wa Nanenane

Mkuu umenigusa. Helmeti yangu inakaa kwenye usukani kuanzia asubuhi. Nikikaribia kona ya trafiki naivaa, nikipita naivua. Na sababu ninazo, kama ulivyosema: joto la Dodoma, honi hazisikiki, abiria wa kike hawaitaki kwa ajili ya nywele, halafu mimi siendi mbali, Nanenane mpaka mjini tu. Kijiweni tukimzika mwenzetu, tunaporudi kila mtu anaeleza kosa la marehemu. Alikuwa na spidi. Alikuwa amelewa. Hakuna anayesema hakuvaa helmeti, maana hapo tunajisema wote.

Mpima Nafaka

Asante sana mkuu, na poleni kwa mwenzenu. Hilo la kutafuta kosa la marehemu ni mfano bora kuliko wangu wote. Mkikubali kwamba alikufa kwa kile mnachokifanya kila siku, mnabaki na mambo mawili tu: kuvaa, au kuogopa kila safari. Spidi na pombe vinawaokoa na yote mawili, ila kwa siku chache.

Mwanachuo

Nina hoja ya kitaalamu, wala sina ubaya na mleta uzi. Nadharia hii ya Festinger inafundishwa kama vile haina doa. Mwaka 2024 yalitoka matokeo ya jaribio kubwa la pamoja, maabara 39 katika nchi 19, washiriki 4,898. Wanafunzi waliombwa kuandika hoja za kuunga mkono kupandishwa ada, kitu wasichokitaka. Kwa nadharia, anayeambiwa "ni hiari yako" anatakiwa kubadili msimamo zaidi kuliko aliyelazimishwa. Tofauti hiyo haikuonekana. Hiari ndiyo nguzo ya maelezo yote. Pia mwanasaikolojia Daryl Bem tangu 1967 alishasema hakuna haja ya kuleta habari za usumbufu wa ndani: mtu anatazama tu alichofanya na kukisia anaamini nini, kama anavyomtazama jirani.

Mpima Nafaka

Hoja nzito, na ni vizuri umeileta kwa takwimu. Lakini malizia matokeo yenyewe. Katika jaribio hilo hilo, walioandika kinyume cha msimamo wao walisogea kuelekea walichokiandika, ukilinganisha na walioandika jambo lisilohusika. Kilichoyumba ni suala la hiari. Kwa muuza nafaka kama mimi hiyo inatisha zaidi: hata uliyesukumwa kulitamka jambo, linakuvuta. Kijana anayepewa kopo na bosi wake na kuambiwa "wateja ukiwaona wakali waambie ni kopo la kawaida", baada ya msimu mmoja ataamini ni la kawaida.

Kuhusu Bem, alijibiwa mwaka 1974. Watafiti Mark Zanna na Joel Cooper waliwapa watu kidonge kisicho na dawa yoyote. Walioambiwa kitawatia wasiwasi hawakubadili msimamo wao baada ya kuandika kinyume. Usumbufu waliuhisi, wakasingizia kidonge. Walioambiwa kitawatuliza walibadilika zaidi. Kama usumbufu haupo, kidonge kisingeleta tofauti.

Mwanachuo

Hapo kwenye kidonge nakubali. Kwenye hiari nabaki na shaka yangu.

Mpima Nafaka

Baki nayo mkuu, ina msingi.

Mtaalamu wa Mitaa

Mfano mzuri mmeuacha. Wakulima wetu! Dodoma mvua ni milimita 500 mpaka 600, msimu mmoja, serikali inahimiza mtama na uwele miaka nenda rudi, na mtu bado anapanda mahindi. Yakikauka anasema mwakani mvua itakuwa nzuri. Huko si kujidanganya?

Mkulima wa Mvumi

Ndugu yangu, njoo shambani kwanza. Mtama wangu ukianza kukomaa, kwelea kwelea wanashuka kama moshi. Kuamia ndege ni kazi ya kutwa, kuanzia alfajiri mpaka giza, wiki kwa wiki. Zamani tulikuwa na watoto, sasa watoto wako shule na ndivyo inavyotakiwa. Nikishindwa kuamia, mtama wote unaliwa ukiwa umesimama. Mahindi yana ganda. Pia nikivuna gunia la mahindi, soko la Kibaigwa naliuza siku hiyo hiyo. Mimi napanda vyote viwili na najua nafanya nini. Kila mtu anatuona sisi hatuna akili.

Mpima Nafaka

Mzee wangu shikamoo, na asante. Naomba wote tusome hapa kwa makini, maana uzi huu ukitumika vibaya utakuwa silaha ya kumdharau kila mwenye sababu zake. Sababu si utetezi kwa kuwa tu ni sababu. Ninachoangalia mimi ni wakati ilipofika. Mzee aliwafikiria ndege na soko kabla hajatia mbegu ardhini, na ukimletea njia ya kuzuia ndege ataongeza ekari za mtama kesho. Sababu ya kweli ukiiondoa, uamuzi unabadilika. Utetezi ukiuondoa, mtu analeta mwingine. Boda ukimletea helmeti yenye matundu ya hewa atakwambia habari ya honi; ukimaliza honi, nywele za abiria.

Boda wa Nanenane

Kweli kabisa.

Dada wa Chang'ombe

Naomba ushauri, sijui kama ni mahali pake. Kaka yangu alinunua kiwanja upande wa Nala, bei ilikuwa ya chini, karatasi ni ya mauziano tu iliyogongwa muhuri, eneo halijapimwa. Tuligundua muuzaji kauza maeneo mengine mara mbili. Nikamwambia. Tangu siku hiyo anamsifia yule muuzaji kuliko mwanzo! Amepeleka tripu mbili za mawe, na sasa anamshawishi mdogo wetu wa mwisho anunue pembeni yake. Hela ya kwanza ilikuwa mchango wa ukoo baada ya kuuza ng'ombe wa baba. Nikiongea zaidi naonekana namwonea wivu.

Mpima Nafaka

Dada yangu, ni mahali pake kabisa. Kwa ukubwa wa mji huu ulivyokua tangu serikali ilipotangaza kuhamia mwaka 2016, nadhani kila ukoo una kesi ya namna hii.

Kwanza, kumsifia muuzaji baada ya kulipa ni kitu kinachojulikana. Mwaka 1968 watafiti Robert Knox na James Inkster waliwahoji watu wanaocheza kamari ya farasi huko Vancouver, Kanada. Waliokuwa kwenye foleni ya kulipia na waliotoka dirishani sekunde chache zilizopita walikuwa wamechagua kwa akili ile ile, lakini waliokwishalipa walikuwa na uhakika zaidi na farasi wao. Farasi hakubadilika. Pesa ilikuwa imetoka mfukoni. Kaka yako amelipa, ameongeza mawe, na zaidi ya yote pesa ni ng'ombe wa baba. Akikubali kwamba ametapeliwa, hatakuwa mtu aliyepoteza kiwanja tu, atakuwa mtoto aliyepoteza jasho la baba yake mbele ya ukoo. Kumvuta mdogo wenu si ubaya. Mtu wa pili akinunua, wa kwanza anapumua.

Ndiyo maana ukimletea ushahidi mbele ya watu unamchimbia zaidi. Unamlazimisha achague kati ya kiwanja na heshima yake, na atachagua heshima.

Njia nyingine ipo. Mwaka 1992 huko Chuo Kikuu cha California, Santa Cruz, wakati wa shida ya maji, watafiti akiwemo Elliot Aronson walitaka wanafunzi wapunguze muda wa kuoga. Wasichana waliotoka kuogelea baadhi waliombwa kusaini bango la kuwahimiza wengine waoge haraka. Baadhi waliulizwa tu maswali ya jinsi wao wenyewe wanavyotumia maji. Kundi moja lilifanyiwa yote mawili. Hilo ndilo lililooga kwa kama dakika tatu na nusu, wakati ambao hawakufanyiwa lolote walifika dakika tano. Hakuna aliyewafokea. Walisema kwa vinywa vyao kilicho sahihi, wakakumbushwa wanachofanya, na wakafunga pengo wenyewe kwa kuoga haraka. Hamu ile ile ya kujiona mwema ndiyo iliyowasukuma.

Kwa hiyo usizungumzie kiwanja chake kabisa. Kaa naye peke yenu, shemeji asiwepo wala mdogo wenu. Muombe ushauri kama kaka mkubwa: mdogo wetu ana hela, wewe una uzoefu, ungependa ahakikishe nini kabla hajalipa? Muache aseme yeye. Atataja kupimwa, atataja kwenda ofisi ya ardhi kuuliza eneo limepangwa kwa matumizi gani, atataja majirani wa mpaka. Atayataja kwa sababu anayajua. Kisha muulize kwa upole, kwako hatua hizo zilikwendaje? Nyamaza. Akijitetea siku hiyo usibishane naye, muage vizuri. Na muwekee mlango wa kutokea: wengi wametapeliwa na muuzaji huyo huyo, na wakienda kwa pamoja kulalamika, kaka yako anaweza kuwa kiongozi wao badala ya kuwa mjinga wa ukoo.

Mkulima wa Mvumi

Hapo kwenye mlango umesema kweli. Mtu mzima hatoki kwenye shimo huku mkimchungulia.

Dada wa Chang'ombe

Asante kaka. Ila hela ya mdogo wetu inatoka mwisho wa mwezi. Kaka mkubwa akichelewa kubadilika itakuwaje?

Mpima Nafaka

Mdogo wako bado hajalipa, kwa hiyo bado anasikia. Huyo mwambie wazi, leo, kila kitu unachokijua. Nenda naye ofisi ya ardhi ya jiji kabla ya mwisho wa mwezi, waulize kuhusu eneo lile mkiwa pamoja. Akishatanguliza hata laki moja utakuwa na ndugu wawili wa kuwabembeleza.

Dada wa Chang'ombe

Nimempigia sasa hivi. Jumatatu asubuhi tunaenda. Kaka mkubwa nitamtafuta Jumapili, nitarudi kuwaambia.